Jina Lililoijaza Mashine

Plastiki iliyoungua ina harufu isiyozeeka. Mwezi uliopita baba alinituma darini nimshushie boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilipolifungua kule juu, katikati ya kuni na mikungu ya ndizi iliyofunikwa iive, harufu ile ikanipanda puani kana kwamba kitu kimeungua jana. Nikakaa chini kwenye mbao. Nimeshafika umri wa kuamkiwa shikamoo na watu wenye watoto wao, lakini kwa dakika nzima nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni na povu la sabuni mikononi, nautazama moshi.

Ndani ya boksi mlikuwa na kompyuta yetu ya kwanza. Wenzangu wa rika langu, kama mliwahi kuiona mashine ya aina ile, mtakumbuka kwamba haikufanana na hizi za kukunja na kukunjua. Ilikuwa kibao cha herufi basi, kinene, rangi ya mtindi wa siku mbili. Unaiunganisha na televisheni ndipo unaona unachoandika. Programu zake zilikaa kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za nyimbo, na ili mashine isome kanda ilibidi uvumilie mlio kama wa msumari unaokwaruza bati kwa dakika kumi nzima. Mtu akigonga meza tu, unaanza upya. Mama alisema mlio ule utatuitia nyoka.

Tulikuwa tunakaa Rau. Baba alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja mjini Moshi, na mashine aliachiwa na mhandisi wa maji, Mmarekani, aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kubeba mizigo. Aliachiwa pia televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na transfoma, sanduku la chuma zito kama tofali. Umeme wa kwao ni mdogo kuliko wetu, kwa hiyo transfoma ilikuwa inaupunguza wetu kabla haujaifikia mashine. Hayo baba alitueleza mara moja, nami nikayasikiliza kama mtoto anavyosikiliza mahubiri. Kilichonikaa ni sheria zake mbili: usiiguse bila kunawa mikono, na usiiguse kama mimi sipo. Mama aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni, na wageni walipokuja kitambaa ndicho kilichosifiwa kwanza.

Zilikuwa siku ambazo mambo yalianza kufunguka. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikajaa, redio za kila namna zikaanza kushindana barazani, na kule kazini kwa baba wakubwa walikuwa wanasema kompyuta zinakuja.

"Zikija watamtafuta mtu anayezijua," baba alimwambia mama mezani. "Watazunguka weee, mwisho watakuja kwangu."

Kila jioni alikaa na kitabu cha mashine, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza, nami nimekaa pembeni yake. Deo, mdogo wangu, alichoka upesi akaenda zake kucheza. Mimi sikuchoka. Baba aliniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Manka, kama ilivyo desturi yetu. Aliponisogezea kibao akasema, "Haya, mama, jaribu na wewe," sikuwa na haja na kitu kingine chochote duniani.

Sasa mpe mtoto sheria mbili uone. Siku moja baba akiwa kazini na mama akiwa sokoni, niliondoa kitambaa. Nilinawa mikono, hilo nilitii. Nikaandika mistari miwili niliyokuwa nimeiona kitabuni. Mstari wa kumi uliiamuru mashine iandike MANKA. Mstari wa ishirini uliiamuru irudi mstari wa kumi. Basi. Nikabonyeza, jina langu likaanza kushuka kwenye kioo, Manka chini ya Manka, hadi kioo kikajaa, kisha yale ya chini yakaanza kuyasukuma ya juu yatoke. Deo alipiga makofi. Nami nilifurahi kwa muda. Halafu nikataka lisimame, na sikujua namna ya kulisimamisha. Nilibonyeza kila herufi niliyoiona. Jina liliendelea kuja kwa kasi ile ile bila kunijali, na mimi mwenye jina nimekaa mbele yake natoka jasho. Mwishowe nikachomoa waya ukutani, nikarudisha kitambaa, nikamwapisha Deo asiseme.

Kwa akili yangu ya miaka tisa, jina lile halikuwa limetoka. Hakuna aliyeliambia likome. Kwa hiyo lilikuwa bado linaandikwa mle ndani gizani, Manka juu ya Manka, na mashine yenyewe ndogo, na mwisho wake itapasuka. Siku tatu nilipita karibu na kitambaa kile nimetega sikio.

Jumamosi baba alimleta mkubwa wake wa kazi aje aione mashine. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani. Mimi nilikuwa uani naosha vikombe, nikamsikia baba akieleza kwa kile Kiswahili chake cha mikutano, kisha swichi ya ukutani ikalia, kisha kishindo kidogo kama punje ya mahindi motoni, na mama akaita jina la Yesu. Nilikimbia hadi mlangoni. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka katikati ya herufi. Televisheni ilikuwa imekufa nayo. Baba bado ameshika swichi.

"Fundi," mkubwa wake akasema, nusu utani, "si wewe ndiye unayetutengenezea umeme kiwandani?"

Baba alitazama ukutani, akainama akatazama chini ya meza, na uso wake ukabadilika. Halafu akatugeukia sisi watoto. "Nani ameichezea mashine hii?"

Deo alikuwa na miaka sita, na kiapo cha mtoto wa miaka sita hakivuki wiki. "Ni dada Manka," akasema. "Aliandika jina lake likajaa."

Mgeni alicheka hadi akashika tumbo. "Pole, fundi. Watoto hawa wataunguza hata nyumba." Baba naye akacheka. Hakunipiga. Alinitazama mara moja, akageuza uso upesi, na mimi nikaelewa kwamba kosa langu limepita kiwango cha fimbo. Kesho yake, baada ya misa, mwalimu wa kwaya alikuja kuturudishia transfoma yetu. Alikuwa ameiazima kwa ajili ya kinanda cha kanisani, nacho kilikuwa cha Marekani. Akashukuru sana. Baba akaipokea, akaisukuma chini ya kitanda.

Wiki mbili baadaye, akiwa anafunga kamba za viatu, baba akaniambia, "Mama, utakwenda kukaa na bibi. Fungasha nguo zako."

Desturi hiyo nayo wengi mnaijua. Bibi haachwi peke yake kule mlimani. Anapewa mjukuu wa kumchotea maji na kulala naye nyumba moja, na mwenye jina lake ndiye wa kwanza kuitwa. Binamu aliyekuwa anakaa naye alikuwa ameolewa. Watu wazima wote walilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kunieleza mimi. Mimi nilijua ninachokijua: nimeunguza mashine ya baba, na nimehukumiwa.

Kutoka Rau hadi kwa bibi, Kibosho, si mbali kwa macho. Siku ya jua ungeweza kuyaona mabati ya mjini yaking'aa kule chini. Lakini siku za jua zilikuwa za kuhesabu. Ukungu ulishuka mchana ukakaa kwenye migomba, na ndani ya migomba hakuna mbali: unaona shina, na nyuma ya shina kuna shina jingine. Masika barabara iligeuka uji, hakuna gari lililothubutu kupanda. Nguo hazikukauka, zilinuka moshi na ubichi, na nilikwenda nazo shule hivyo hivyo. Asubuhi nilichota maji mferejini. Nikitoka shule nilikata majani ya ng'ombe, nikamkatia na shina la mgomba vipande vipande, nikasafisha banda. Ng'ombe wa bibi hakuwahi kutoka bandani tangu alipoletwa akiwa ndama. Alikula pale, akalala pale, akazaa pale. Nilipomletea mzigo wa majani alinitazama kwa jicho moja kati ya mbao, nami nilimchukia kwa sababu tulifanana.

Kihamba cha bibi, yaani lile shamba letu la ukoo lenye nyumba katikati, kilizungushiwa masale, mimea mirefu yenye majani kama panga ambayo kwetu ndiyo alama ya mpaka. "Usivuke masale bila kuniaga," bibi aliniambia siku ya kwanza. Alimaanisha tu asije akanitafuta mferejini. Lakini mimi nilianza kuyaona masale kama watu wengine wanavyoiona seng'enge.

Bibi hakuwa mkali, hilo lazima niliseme. Aliniwekea kigoda karibu na moto, na kiburu kilichoshika chini ya sufuria, ile ndizi na maharage iliyoungulia kidogo ambayo ndiyo tamu kuliko yote, aliniachia mimi. Nilimpenda. Na kila siku ya Mungu nilitaka kuondoka kwake. Mambo hayo mawili hukaa pamoja moyoni mwa mtoto bila kugombana, wala sijui kwa nini tukikua tunadhani hayawezekani.

Nikajitengenezea mashine. Nilichukua boksi la sabuni, nikalikata upande mmoja, nikachora herufi zote kwa mkaa katika mpangilio wake, maana vidole vilikuwa bado vinaukumbuka. Nilikaa nalo mapajani jikoni, nikibonyeza kwa utaratibu. Nyuma ya daftari la hesabu niliandika programu, mistari yenye namba, kumi, ishirini, thelathini, nikafuta, nikaandika tena. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mstari ambao ungelisimamisha jina langu kabla halijaijaza mashine. Nilijua kwamba nikiupata, nikamwonyesha baba, ataona kuwa nimejifunza, na atanichukua. Aliyekiandika kile kitabu alikuwa mtu mwenye huruma. Aliruka kutoka kumi hadi ishirini makusudi, akaacha namba tisa katikati wazi, ili aliyesahau kitu apate pa kukichomeka. Nilitumia karibu muhula mzima kwenye zile namba tisa.

"Unapiga kinanda?" bibi aliniuliza jioni moja.

"Hapana, bibi. Naandika."

"Wino uko wapi?"

"Haihitaji wino. Ni kompyuta."

Alilitazama boksi la sabuni, akanitazama mimi. "Na inakujibu?"

"Bado."

"Basi imemfuata baba yako. Nimemtumia salamu mara tatu na yeye kimya."

Mwezi wa kumi ulipoisha nikaupata. Mstari wa kumi na tano: ukishaandika jina mara mia moja, simama. Niliuandika kwa kalamu ya wino, sikuufuta. Lakini mstari peke yake niliuona haba. Mtu aliyekosa haji na daftari tu. Na hapo ndipo jirani yetu aliponionyesha njia bila kujua.

Jirani huyo alikuwa amegeuza maji ya mfereji kuelekea shambani kwake siku ya zamu ya bibi, mara mbili, na mboga za bibi zikakauka. Kwa miezi mitatu hawakusalimiana. Bibi alikuwa akipita mpakani anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa ili asisikie kama ameamkiwa. Kisha asubuhi moja jirani akaja hadi mlangoni, kofia mkononi, na kwenye mkono mwingine jani la isale lililofungwa fundo. Alilinyoosha jani. Niliona taya la bibi likikaza, nikadhani atalitupa. Alilipokea kwa mikono miwili bila kumtazama usoni.

Jirani alipoondoka bibi aliosha sufuria moja kwa muda mrefu sana. "Mbona umepokea?" nikamuuliza.

"Isale halikataliwi."

"Hata kama bado una hasira?"

"Hasira ni yangu, nabaki nayo. Kesi ndiyo imekwisha."

Kesi imekwisha. Hayo ndiyo maneno niliyolala nayo. Kumbe kulikuwa na kitu ambacho mtu mzima hawezi kukikataa, nacho kinaota bure pale pale mpakani, nami kwa miezi yote ile nilikuwa nakiona kama uzio.

Krismasi Wachagga wote hupanda nyumbani, hata waliokuwa mbali kiasi gani. Baba, mama na Deo walifika kwa pikapu ya rafiki yake baba, na baba wakubwa nao wakaja na familia zao, kihamba kikajaa watu. Mbuzi alichinjwa, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ikatolewa. Baba alikuwa mchangamfu sana. Kompyuta zilikuwa zimefika kazini kwao, tatu kwa mpigo, na yeye ndiye aliyekabidhiwa chumba chake na ufunguo. Alikuwa anawasimulia ndugu zake habari za chumba hicho nilipotoka mpakani na isale langu. Nilikuwa nimevaa gauni la sikukuu. Fundo nililifunga mara nne hadi likanyooka.

Nilipiga magoti mbele yake, nikanyoosha jani kwa mikono miwili, daftari nimelibana kwapani. "Baba, naomba msamaha. Ni mimi niliyeiunguza mashine."

Baba mkubwa mmoja alianza kucheka, akaacha. Isale si mchezo, hata likiwa mkononi mwa mtoto. Nilisikia mafuta ya mbuzi yakilia juu ya makaa. Baba alilitazama lile jani. Hakunyoosha mkono.

"Mtoto ameleta isale," bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Jibu."

Baba alinitazama, akawatazama ndugu zake, kisha akalipokea. "Nimekusamehe, mama," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikadhani ni kwa sababu nimemgusa moyo. Akalichukua na daftari, akasoma, akafika kwenye mstari wa kumi na tano, akakaa hapo. "Mstari huu ni sahihi," akasema, akanirudishia daftari, akainuka akaenda kuangalia moto ambao ulikuwa unaangaliwa na watu wanne. Bibi alimfuata kwa macho mpaka alipogeuka nyuma ya nyumba.

Mimi nilikwenda ndani nikafungasha. Magauni mawili, sweta, sare za shule, boksi la sabuni. Kesho yake tangu asubuhi nilikalia begi langu kando ya mlango, nikingoja maneno matatu manne tu kutoka kwa baba: fungasha nguo zako, tunashuka. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu, kwamba nimeshafungasha. Walipanda pikapu baada ya chakula cha mchana. Mama alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Baba akasema, "Msikilize bibi." Gari likaanza kuteremka, Deo akanipungia mkono, nami nikabaki nimesimama upande wa ndani wa masale na begi mkononi, hadi mlio wa gari ukaisha kwenye migomba.

Nilikuwa nimesamehewa, na bado nimeachwa. Sijawahi tena kuwa na uchungu wa aina ile, na nimezika watu.

Jioni bibi alinisaidia kuzirudisha nguo sandukuni. "Isale lako limekosea mlango," akasema. Nilidhani ana maana kwamba fundo nilifunga vibaya, na kwa muda mrefu, nikipita mpakani, nilivunja jani na kujaribu mafundo mengine.

Nilikaa pale miaka minne, hadi nilipomaliza darasa la saba nikaenda shule ya bweni. Nikiwa kidato cha pili mwalimu wa fizikia alituandikia ubaoni habari za volti, na kilichotokea sebuleni kwetu kikajipanga chenyewe mbele yangu kama mistari ya programu. Mashine ya umeme mdogo, ukuta wa umeme mkubwa, transfoma iko kanisani. Baba akiinama kutazama chini ya meza. Uso wake ukibadilika. Hakuna jina linalounguza mashine. Aliyeiunguza ni fundi umeme, mbele ya mkubwa wake, katika wiki ambayo alihitaji kuonekana anajua. Na alipoletewa isale kwa kosa lake mwenyewe, alilipokea.

Mama alinieleza baadaye kwamba bibi alikuwa ameshaniomba kabla hata mashine haijaungua, kwamba ningekwenda tu. Alidhani hilo litanituliza. Sikuwahi kumwambia baba kwamba najua. Niliitunza hasira yangu vizuri, kama watu wanavyotunza hati ya shamba, na kila aliponiita mama niliitika.

Sasa bibi amelala pale kando ya nyumba, na mama pembeni yake, na baba ndiye aliyezeekea kwenye nyumba hii. Kwa desturi nyumba ni ya Deo, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Lakini Deo yuko Dar na shughuli zake, na ilipofika zamu ya mtu wa kukaa na mzee alinipigia simu akasema kwa upole kabisa, "Dada, si wewe ndiye mwenye jina la bibi?" Nilikuja kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Nina nyumba yangu Rau, ndogo lakini yangu, na ufunguo wake unakaa kwenye mkoba wangu ukishika kutu. Kila nilipogusia kwamba tushuke wote tukaishi kule, karibu na hospitali, baba alikuwa na jibu moja: "Na ng'ombe?" Ndiyo, kuna ng'ombe. Ni kitukuu wa yule, na ananitazama kwa jicho lile lile.

Nilishuka darini na boksi. Baba alikuwa amekaa barazani na koti lake zito. Asubuhi ile alikuwa ametembea na fimbo hadi mpakani peke yake, nikadhani anaota jua.

"Igeuze," akaniambia. "Soma pale nyuma."

Nikafuta vumbi kwa kidole. "Volti mia moja na ishirini."

"Na ukutani kwetu?"

"Mia mbili thelathini."

"Transfoma ilikuwa kanisani siku ile. Niliwaazima mimi mwenyewe, nikasahau. Nilipotazama chini ya meza nikaona haipo, nilijua." Alitua kidogo kupata pumzi. "Mkubwa wangu alikuwa amesimama pale, mama."

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Yote. Tangu kidato cha pili."

Alinitazama kama mtu aliyebeba mzigo kutoka sokoni hadi nyumbani, akaukuta mwingine kama huo umeshafika. "Miaka yote hiyo," akasema.

"Na wewe miaka yote hiyo."

Ndipo akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa isale. Vidole vyake vinatetemeka siku hizi, kwa hiyo fundo lilikuwa ovyo, limelegea upande mmoja. Akalinyoosha. Jani lilikuwa linacheza hewani kati yetu.

Sikutaka kulipokea. Nasema ukweli. Nilitaka alete siku ile nilipokuwa nimesimama na begi, si leo ambapo hata kuinuka kwenye kiti kunamtaka ashike fimbo. Nilihisi taya langu linakaza, nikalijua taya lile lilikuwa la nani. Kisha nikalipokea, kwa mikono miwili, bila kumtazama usoni. Hasira ni yangu, nimebaki nayo, wala haijapungua sana. Lakini kesi imekwisha, na mimi ndiye niliyeshika jani.

"Fungasha nguo zako, baba," nikamwambia. "Tunashuka."

Akafungua mdomo, nikajua kinachokuja.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wa mwenye nyumba," nikasema. "Nampigia Deo sasa hivi."

Baba alilitazama boksi. Kisha akanyoosha mkono kuitafuta fimbo yake.